Honi ya Bi Zubeda

Wiki iliyopita tulimwacha Shakuru nyuma ya usukani wa ambulansi mpya ya serikali, kidole juu ya kitufe, na Ilias fundi akimhimiza, "Bonyeza tu, ndugu, usiogope." Shakuru mwenyewe ameniomba niendelee kusimulia bila kumpunguzia aibu hata kidogo, na aibu ya mtu mwingine mimi huwa siipunguzi.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefungia sambusa, sikiliza kwa ufupi.

Shakuru alikuwa dereva wa teksi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Miaka miwili nyuma mkewe Mwanvua alishikwa na uchungu jioni, na Shakuru alikuwa amekwama mtaa wa pili, Jabe, kwa sababu barabara zimefungwa. Ambulansi ya zamani ilikuja mpaka mtaani kwao ikilia king'ora. Lakini miaka hii ya vita king'ora kina maana moja tu: kuna jambo limetokea, ingia ndani, funga. Kila mlango ukafungwa. Dereva akaipita avenue yao mara mbili akitafuta mtu wa kumwonyesha nyumba, hakumpata, akarudi alikotoka. Mtoto hakuishi.

Ndiyo maana serikali ilipotangaza kwamba huduma za afya zinafanywa upya, na kutakuwa na kituo kipya cha uzazi upande wa Kamenge, kaskazini mwa mji, redio za upepo katika zahanati za mitaa na ambulansi ya kisasa, Shakuru aliacha teksi akaomba udereva. Mwanvua alikuwa na mimba tena. Shakuru alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: safari hii gari limfikie.

Gari likaja, king'ora hakikuja. Kilipotelea njiani kutoka bandarini, na kila aliyeulizwa alimwonyesha mwenzake. Dokta Libère, mkuu wa mradi, akasema, "Jumamosi wageni wa Ulaya wanakuja kufungua kituo. Tafuta kitu cha kulia." Shakuru akalipeleka gari kwa Ilias, fundi wa Buyenzi ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mteja "sina".

Basi Shakuru akabonyeza.

Pa-pa-ra-paaa! Pa-pa-ra-paaa!

Kabla mlio haujaisha, wanawake watatu walikuwa wameshatoka ua wa jirani wakipiga vigelegele. Mmoja wao alikuwa bado na mwiko mkononi.

"Bibi harusi iko wapi?" akauliza, akichungulia dirishani.

Shakuru akamgeukia fundi. "Ilias, hii nini umeniwekea?"

"Honi."

"Honi ya nini?"

"Ya minibus ya harusi. Ile ya tarumbeta tatu. We si umesema unataka sauti kubwa?"

"Mi nimesema sirène! Hii gari ni ya wagonjwa!"

"Na mugonjwa asifurahi?"

"Toa."

"Kutoa natoa. Lakini nikitoa, unabaki na gari bubu, na docteur wako anataka kusikia kitu."

Hapo redio ya upepo kwenye dashibodi ikakoroma. Jabe, nyuma ya soko, mzee mmoja ana malaria kali, hajitambui. Shakuru akaondoka na tarumbeta zake, uso umemwiva kwa aibu.

Jabe kukatokea jambo ambalo hakulitegemea kabisa. Milango ilifunguka. Watoto walikimbia mbele ya gari, wanawake wakatoka wakicheza, muuza ndizi akavuta toroli lake pembeni bila kutukanwa. Shakuru alipotoa kichwa akauliza, "Kwa mzee Chabani ni wapi?" avenue nzima ilimjibu kwa pamoja, na vijana wakaja wenyewe kushika machela.

Njiani mzee Chabani akapata fahamu kidogo. Akasikiliza. Akauliza nani anaoa.

"Hakuna mutu, mzee. Tunakupeleka hospitali."

"Mh," akasema mzee. "Basi musipunguze ngoma."

Ikawa hivyo wiki nzima. Hata jua likikaribia kuzama, saa ambayo watu wa mji huu hawamfungulii hata shemeji, honi ikilia walitoka. Wajawazito waliokuwa wakijificha kwa hofu walichungulia, wakacheka, wakapanda. Shakuru aliizima kila alipokaribia ofisi ya mradi, kwa hiyo Dokta Libère hakuisikia hata mara moja. Yeye aliona tu wagonjwa wanaongezeka, na alijua wa kumsifu.

"Munaona?" aliwaambia watu wa ofisini. "Ni organisation hiyo! Ni programme!"

Shakuru akaenda zake kuosha gari.

Nyumbani, avenue ya kumi na tisa, alimfundisha Mwanvua.

"Ukisikia pa-pa-ra-pa, usingoje mutu akubebe. Chukua kapu lako, toka mulangoni. Ni mi."

"Na kama ni harusi ya kweli?"

"Harusi gani? Honi kama hii Buyenzi yote ni moja, na niko nayo mi."

Mwanvua akacheka mpaka akajishika tumbo. Tangu mwaka ule wa msiba, Shakuru hakuwahi kumsikia akicheka likitajwa gari la wagonjwa. Furaha ikamjaa, na mtu mwenye furaha hana akili ya kutosha. Hakujiuliza honi ile ilikuwa ya nani.

Mwenyewe alikuja Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

Bi Zubeda ni muuza vitenge. Akisema bei, mteja huomba msamaha. Aliingia gereji ya Ilias huku Shakuru akiosha gari, na hakumsalimu mtu.

"Ilias! Minibus yangu nimekuachia juu ya frein, breki tu. Nani amekwambia utoe honi?"

Ilias akajitupa chini ya gari lililokuwa karibu. Gari lenyewe halikuwa na injini, lakini alianza kuligongagonga kwa bidii.

"Kesho naoza Houda," Bi Zubeda akaendelea. "Anaenda kwa bwana yake Jabe. Atatoka na nini? Na honi ya mudomo? Nikae mbele mi, mama mukubwa mzima, nifanye pa-pa-ra-pa?"

Ninyi wa mbali mtasema honi ni honi. Kwa Bi Zubeda sivyo. Kwao bibi harusi hutolewa kwa honi, na gari linalomchukua ndilo lenye kulia. Huzungushwa avenue zote ili kila nyumba isikie kwamba huyu anaondoka kwa heshima, mchana, wazazi wakiwa radhi. Anayetolewa kimyakimya ni yule ambaye nyumbani kuna jambo linafichwa, na mashoga wa mtaa huanza kuhesabu miezi kwenye vidole.

"Mama, honi nikikupa," Shakuru akasema kwa unyenyekevu, "kesho ni ufunguzi. Docteur atanifukuza. Na bibi yangu anakaribia."

"Na mi binti yangu asemwe?"

Kutoka chini ya gari ikasikika sauti ya Ilias.

"Bibi harusi apande ambulance."

Wote wawili wakainama kumtazama.

"Gari ni mupya," Ilias akasema, akitoa kichwa polepole. "Ni blanc, nyeupe pe. Iko na taa ya bleu juu. Hakuna harusi imepata gari kama hii, hata ya wakubwa."

Bi Zubeda akalizunguka lile gari taratibu, akalipapasa ubavu kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi.

"Maua tutafunga wapi?" akauliza.

"Mama, apana! Docteur amesema, nikibeba kitu haiko mugonjwa, nirudishe funguo."

"Ni Buyenzi na Jabe tu, mwanangu. Injini haitapata hata moto. Kisha uende kwa ufunguzi wako."

Shakuru alikubali. Ameniambia alikubali kwa ajili ya heshima ya Houda. Mimi namwambia alikubali kwa kumwogopa Bi Zubeda, na kwamba hata mimi ningekubali.

Jumamosi mchana wakatoka. Houda alikaa juu ya machela, gauni jeupe, shela imemfunika uso. Bi Zubeda ubavuni mwake. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa Ilias na koti la kuazima. Maua yalifungwa kwenye kioo na kwenye ile taa ya bluu. Nyuma ilifuata minibus yenyewe, bubu, imejaa wanawake wanaoimba.

Pa-pa-ra-paaa! Walikuwa wamezunguka nusu ya Buyenzi walipotokea kwenye barabara ya lami, palipo na kizuizi cha kuingia Jabe. Koplo akanyoosha mkono.

"Amahoro. Hii ni ambulance ama ni harusi?"

Shakuru alikuwa anafungua kinywa aseme harusi, maana askari hao huzipenda harusi na hupewa halua. Akatupa jicho kwenye kioo. Nyuma ya minibus lilikuwa limesimama gari la mradi, na Dokta Libère alikuwa anashuka, tai shingoni, wageni wake wakichungulia madirishani.

"Mugonjwa, chef," akasema Shakuru.

"Mugonjwa na maua?"

"Shakuru!" Dokta alikuwa ameshafika. "Unafanya nini hapa? Kuna nini ndani?"

Ulimi wa Shakuru ukateleza bila kumwomba ruhusa.

"Accouchement, docteur."

Ameniambia kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na gari. Mwanamke anayejifungua, na ndani ya gari kuna bibi harusi! Nyuma minibus nzima ya midomo ya Buyenzi imenyamaza ghafla, inasikiliza. Kabla ya magharibi habari ingefika Jabe na kumkuta bwana harusi mlangoni, na Houda asingekuwa na pa kuuweka uso wake maisha yake yote.

Dokta Libère akafungua mlango wa nyuma.

Juu ya machela, shuka mpaka kidevuni, alikuwa amelala Bi Zubeda. Houda alikuwa amesukumwa kwenye kona, shela upande.

"Yoo, docteur!" akapiga kelele Bi Zubeda. "Ni mimi! Mutoto anakuja!"

Dokta akamtazama. Akaziona mvi zilizochungulia kwenye mtandio.

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Mi naumwa, we unaniuliza anniversaire?"

"Na huyu wa blanc?"

"Ni garde-malade yangu, wa kuniuguza. Anapenda usafi."

"Na maua?"

"Ya ufunguzi, docteur," Ilias akadakia. "Tumepamba gari ya serikali."

Uso wa Dokta Libère ukang'aa. Mwanamke wa kwanza kujifungua kwenye kituo chake kipya, siku ya ufunguzi, mbele ya wageni, na kwa umri ule! Ni nani mwingine nchini angekuwa na takwimu kama hiyo?

"Munifuate!" akaamuru.

Koplo akafungua kizuizi, akampigia saluti Bi Zubeda. "Nguvu, mama," akamwambia, na Bi Zubeda akamjibu kwa mguno mmoja wa kutisha. Msafara ukageuka kuelekea kaskazini, ambulansi na maua yake, minibus nyuma, kwa sababu penye bibi harusi ndipo penye harusi.

Kituoni Bi Zubeda alisukumwa katikati ya makofi mpaka nyuma ya pazia. Mkunga Daphrose akamwekea sikio la mbao tumboni, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Mama," akanong'ona, "hapa ndani nasikia pilau tu."

Bi Zubeda akamshika mkono. "Dada yangu, nifiche. Nikisema kweli dereva anafukuzwa, nikinyamaza binti yangu anachelewa kuolewa."

Akamweleza yote. Daphrose alicheka ndani ya mto mpaka mabega yakamtikisika, kisha akajifuta macho, akatoka nje akiwa mkavu kabisa.

"Docteur, ni faux travail. Uchungu umekatika. Apumzike kwake."

"Oh," akasema Dokta, na ungemwonea huruma. "Atarudi lini?"

"Mungu akipenda, docteur."

"Hatapenda!" ikasikika sauti nyuma ya pazia.

Huko nje mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa Dokta. Mgeni mmoja mwenye ndevu alikuwa ameipenda ile honi, anazunguka uwanjani akiiga kwa mdomo. Wenzake wanacheka. Dokta Libère alijisikia kama amewaalika kwenye baa. Bahati yake, au aliidhania ni bahati, wageni walikuwa wameleta zawadi ndani ya sanduku: king'ora kipya kabisa, bado kimefungwa nailoni.

"Fundi iko wapi? Toa hiyo ya ulevi, weka sirène. Sasa hivi!"

Ilias, ambaye hajui kusema hapana, akabadilisha pale pale, wageni wakimpigia makofi. Honi akairudisha kwenye minibus ya mwenyewe. Bi Zubeda, amepona ghafla, akampandisha Houda mbele na yeye akapanda.

"Buyenzi kwanza!" akamwamuru dereva wa minibus. "Zile avenue zilizobaki zisikie. Halafu Jabe, mbele ya couvre-feu, barabara zisitufungie!"

Pa-pa-ra-paaa, wakaondoka.

Shakuru akaegemea gari lake akashusha pumzi. Houda amepona. Kazi imepona. Gari lina king'ora cha Ulaya. Kama hadithi ingeishia hapo, angekuwa mtu wa bahati, lakini mmeshamzoea.

Redio ya upepo ikakoroma.

"Allô, allô. Buyenzi hapa. Avenue ya kumi na tisa. Mwanamuke ana uchungu, unaenda haraka. Ni Mwanvua, bibi ya Shakuru wa ambulance."

Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Ilias, honi?"

"Imeenda, ndugu. Si umeiona?"

Shakuru akamkimbilia Dokta, akamshika mkono wa koti mbele ya wageni wote.

"Docteur, hii sirène itoke. Tafadhali. Tumutume mutu alete ile honi."

"Una wazimu? Bibi yako anazaa, na we unaniletea story ya honi?"

"Sirène inafunga milango! Ilipita kwangu mara mbili, hakuna mutu alitoka kuonyesha nyumba. Mutoto wangu alikufa hivyo, docteur. Wagonjwa wa wiki hii hawakuja kwa programme. Walikuja kwa ile honi." Mdomo ukiisha kufunguka haufungiki. "Na yule mama hakuwa na mimba. Ni harusi nilikuwa nabeba."

Wageni wakamtazama Dokta, wakingoja awatafsirie. Dokta hakutafsiri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Uliweka bibi harusi kwa kitanda ya serikali."

"Ndiyo, docteur."

"Enda leta bibi yako. Ukirudi, funguo juu ya meza yangu."

"Na sirène?"

"Ambulance ni ambulance, Shakuru. Enda!"

Daphrose akamsukuma garini. "Kimbia. Mi namungoja hapa, sitoki."

Ilias akarukia kiti cha pembeni bila kualikwa. Wakatoka mbio, taa ya bluu inazunguka juu ya maua yaliyonyauka. Kwenye lami king'ora kilifanya kazi yake, magari yalisogea yote.

"Inalia vizuri, kusema kweli," Ilias akasema.

"Nyamaza."

Jua lilikuwa linazama walipoingia Buyenzi. Hapo Shakuru aliona kwa macho yake kile ambacho miaka miwili alikuwa amekisikia tu kwa kusimuliwa. Gereji zilishusha milango ya bati, pwaa, pwaa. Mama mmoja alimbeba mtoto kwapani akatoweka. Mwenye kukaanga mihogo aliacha mafuta yakichemka. Taa zilizimwa nyumba baada ya nyumba, kana kwamba gari lenyewe linazipuliza. Wiki nzima watu hawa hawa walikuwa wakimpungia mkono. Aliichukia ile sauti kwa moyo wake wote, na ndiye aliyekuwa anaipiga.

Avenue ya kumi na tisa milango yote ilikuwa imefungwa isipokuwa mmoja. Ulikuwa wake.

"Mwanvua!"

Taa ilikuwa inawaka. Chai ilikuwa kwenye kikombe, bado inatoa moshi. Kapu la nguo za mtoto halikuwepo, na Mwanvua hakuwepo.

Akatoka akagonga kwa jirani. "Ni mi, Shakuru! Fungueni! Bibi yangu iko wapi?" Akagonga nyumba ya pili, ya tatu. Ndani mtu alikohoa, akanyamazishwa. King'ora kinalia, taa inazunguka, na nani angefungua?

"Zima," akasema Ilias.

Shakuru akazima. Kimya kikaanguka avenue nzima. Akasimama katikati ya njia, akaweka mikono mdomoni, machozi yanamtiririka, akaanza.

"Pa-pa-ra-pa! Pa-pa-ra-paaa!"

Ilias akaja akasimama naye, akatoa ile tarumbeta nene ya chini. Wanaume wawili wazima, mmoja analia, mmoja amevaa koti la kuazima, wanapiga honi ya mdomo saa ya kufunga barabara.

Mahali fulani mtoto akacheka. Komeo likavutwa. Akatoka Mama Orpha, jirani yao Mkongomani, akifunga kitenge vizuri.

"Shakuru? We unafanya nini hapa? Si umeshamuchukua?"

"Nani?"

"Bibi yako! Amesikia honi yako pale kona, akachukua kapu, akatoka mulangoni kama ulimwambia. Akasema, 'Ni yeye.' Akapanda."

"Akapanda gari gani, mama?"

"Ile yako, ya harusi. Ilikuwa na wanawake wengi, wanaimba. Nikasema, aa, leo serikali imefanya vizuri, imeongeza na garde-malades."

Ilias akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Wameenda wapi?"

"Mwanvua alilia kidogo, wakaacha kuimba. Mama Zubeda akapiga kelele, 'Geuza! Maternité, kituo cha uzazi!' Wakashika njia ya Jabe, ni fupi."

Shakuru akatazama juu. Jua halikuwepo tena. Saa hii kila kizuizi kimefungwa, na gari moja tu ndilo linaloruhusiwa kupita: ambulansi. Ambulansi ilikuwa hapa, tupu, mlango wazi. Mkewe alikuwa huko, ndani ya minibus yenye maua, mbele ya koplo wa Jabe. Na koplo wa Jabe alikuwa amemwona Bi Zubeda akilia uchungu wa uzazi mchana uleule, kwa macho yake, akampigia na saluti.

Angemwamini vipi sasa Bi Zubeda, akishuka na tumbo bapa kumwambia kwamba garini kuna mwanamke ana uchungu?

"Panda!" Shakuru akasema, na mkono ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Kutoka upande wa kizuizi, honi ikalia. Ilikuwa mbali, lakini mtaa mzima ulikuwa kimya na kila mtu aliisikia.

Pa-pa-ra...

Haikumalizia.